Barua ya Namirembe na kelele zetu

Hapa Uganda huhitaji kwenda mbali kumpata mtu anayesema anasimama na Neno. Atakwambia hivyo mhubiri mwenye spika kwenye stendi ya teksi, mbunge anayechangia hoja, nabii wa redioni anayeuza chupa za mafuta, hata wazee wawili wa kanisa wanaogombania ufunguo wa ofisi. Mimi pia nasema hivyo. Naamini Biblia ni Neno la Mungu, naamini ina haki ya kunikemea, na naamini Kanisa likiiacha halitabaki na lolote la kumwambia mtu aliye kitandani anakata roho. Kwa hiyo asinisome mtu akadhani nataka tulegeze. Kinachonihuzunisha ni kwamba ukweli tunaoutetea, mara nyingi tunautetea kwa roho ambayo ukweli huohuo unaikataa. Iko barua ambayo maaskofu wetu walimwandikia Idi Amin mwaka 1977 inayoonyesha njia nyingine, nami nitaifikia.

Maana kiini cha ukweli huo ni nini? Paulo anawaandikia Waefeso: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Mtu aliyevutwa kutoka mtoni akiwa hajiwezi anapata wapi ujasiri wa kumcheka anayezama? Wakorintho nao aliwauliza, "Nawe una nini usichokipokea?" Tangu nilipoanza kulichukua swali hilo kwa uzito, nimeona kwamba linazima nusu ya mabishano yangu kabla sijafungua kinywa.

Wanaotaka kuhalalisha ukali wao hukimbilia Wagalatia 2, pale Paulo alipompinga Petro uso kwa uso kule Antiokia. Ni kweli alimpinga, tena mbele ya wote. Lakini hebu tusome sababu. Petro alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa. Walipofika watu waliotoka kwa Yakobo, akaanza kujitenga kwa kuwaogopa waliotahiriwa. Kosa lake lilikuwa kuondoka mezani. Paulo akaona kwamba kuondoka kule kunawaambia wale waumini wapya kuwa Kristo hawatoshi, kwamba wanahitaji kuongeza kitu ndipo wawe wasafi. Hapo ndipo aliposema hawaendi sawasawa na kweli ya Injili. Ukali ule ulikuwa wa kuilinda neema. Aliutumia kwa ajili ya watu waliodharauliwa, na aliyeupata alikuwa mtume mkubwa aliyeheshimika kuliko wote waliokuwa pale.

Sisi tumegeuza. Binti wa kwaya akipata mimba kabla ya ndoa, anatajwa mbele ya watu na kuvuliwa joho. Mzee aliyejenga ghorofa kwa fedha zilizokuwa za kununulia dawa za wagonjwa, huyo anapewa kiti cha mbele siku ya harambee, na mchungaji anamwita baba wa kanisa. Wote wawili tunasema tumewatendea kwa mujibu wa Biblia.

Kila Februari 16 nchi hii inapumzika kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Kianglikana. Alikuwa Mwacholi wa Mucwini, Kitgum, mwalimu wa shule aliyeokoka mwaka 1948 katika uamsho, na mwaka 1974 akawa askofu mkuu. Jimbo lake halikuwa Uganda peke yake. Lilikuwa la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire (Zaire ndiyo Kongo ya leo). Nalisema hili kwa ajili ya wapendwa wetu kutoka Kongo tunaoabudu nao kwa Kiswahili hapa Kampala, ambao wengine hudhani siku ile ni habari ya wenyeji tu. Waanglikana wa Boga walikuwa kundi lake pia.

Usiku wa kuamkia Februari 5, 1977, askari waliingia nyumbani kwake kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, wakamwelekezea bunduki na kupekua nyumba nzima wakidai wanatafuta silaha. Hawakupata kitu. Siku chache baadaye maaskofu wakakutana, wakamwandikia Idi Amin barua. Nairudia barua ile kwa sababu ya namna ilivyoandikwa. Inaanza kwa kumpa rais heshima ya cheo chake, na maaskofu wanasema kwa unyenyekevu kwamba wanaleta mbele yake uchungu walio nao kwa ajili ya Kanisa na kwa ajili ya watu walio chini ya uangalizi wake. Humo hakuna tusi hata moja. Kisha wanasema bila kupindisha kwamba bunduki iliyosukumwa tumboni mwa askofu mkuu imeelekezwa kwa kila Mkristo. Wanasema wamezika wengi waliopigwa risasi, na kwamba wapo wengine ambao miili yao haijaonekana.

Fikiri uandike maneno hayo, uyatie sahihi, na uyapeleke kwa mtu huyo.

Februari 16 Luwum akaitwa na serikali pamoja na viongozi wengine, na hakurudi nyumbani. Aliuawa yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari.

Kinachonigusa kuliko yote ni kwamba hakunyamaza na pia hakuchukia. Wengi wetu tunaweza moja kati ya hayo. Tukiwa wapole, tunakaa kimya mpaka watu wanakwisha. Tukiwa wasema kweli, tunamwaga sumu. Naamini siri yake ilikuwa katika mambo aliyoyazoea miaka mingi kabla, katika vikundi vya walokole, watu wa ule uamsho. Pale watu walikaa pamoja wakaungama dhambi zao kwa majina, wakarudisha walivyoiba, wakapatana na waliowakosea. Jambo hilo waliliita kutembea nuruni. Mtu aliyezoea kuchunguzwa na Neno mbele ya ndugu zake, akasamehewa mbele yao, akisimama mbele ya mtawala hana cha kuficha, wala hajioni malaika aliyetumwa kwa shetani. Anamwona mwenye dhambi mwenzake, aliyeshika bunduki.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikuwa na Luwum siku ile. Baadaye yeye na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu usiku hadi Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huohuo, akiwa kanisani London, maneno ya Yesu msalabani, "Baba, uwasamehe," yalimkuta na chuki moyoni, naye akajua kwamba lazima amsamehe Amin. Akaandika kitabu kidogo ambacho jina lake linasema kwamba anampenda Idi Amin. Namwelewa kabisa mjane aliyeshindwa kulitazama jalada la kitabu hicho. Hata hivyo Kivengere hakuwahi kusema kwamba mauaji yale si mauaji. Aliyaita kwa jina lake, na akamsamehe muuaji. Mtu akiniuliza neema na kweli zikikaa katika moyo mmoja zinafananaje, nitamtajia mtu huyu wa Rukungiri kabla ya mwanateolojia yeyote.

Nisiusifu uamsho kupita kiasi. Miaka ya 1960 walokole wenyewe waligawanyika, na kundi la Bazukufu, yaani walioamshwa tena, likajitenga likisema wengine wamesinzia. Masharti yakaongezeka, mojawapo likiwa kwamba aliyeokoka asiwe na deni. Sina ugomvi na anayekataa mikopo. Nchi hii imejaa watu walioliwa na riba, na shauri la kuikwepa ni jema. Lakini shauri jema likishageuzwa kuwa kipimo cha nani ameokoka, tumerudi Antiokia, na meza imegawanyika tena. Unyenyekevu nao unaweza kuvaliwa kama sare. Unamsikia mtu akijiita mavumbi, na ukimwambia kweli wewe ni mavumbi, hamsalimiani tena.

Halafu kuna Kanungu, kusini-magharibi mwa nchi. Machi 17, 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo lililofungwa, wafuasi wa kundi lililosema linazirejesha Amri Kumi za Mungu. Tazama jina walilolichukua: hakuna Mkristo anayeweza kuzipinga Amri Kumi. Palipokosekana utii kwa Maandiko pakajazwa na utii kwa viongozi waliodai kupokea maono, na mfuasi hakuwa na nafasi ya kuuliza. Watu wa Beroya, Matendo 17, walimsikiliza Paulo mwenyewe, na bado "wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo." Luka anawasifu kwa hilo. Mchungaji anayekasirika akiulizwa "imeandikwa wapi, Mchungaji?" ananitia hofu, hata kama mahubiri yake ni matamu na hata kama kila alichokisema jana kilikuwa sahihi.

Kuhusu chupa za mafuta, maji ya upako na mbegu za kupanda ili upate visa, sitakaa sana. Petro alishamjibu Simoni mchawi kule Samaria: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Anayeuza kilichotolewa bure anawaibia maskini, na anamsingizia Mungu.

Wako watakaosema kwamba ukihubiri neema mno, watu watatanua. Nawaheshimu, maana wengine wao ni wazee walioona vijana wengi wakipotea. Lakini Tito 2 inasema neema hiyohiyo "yatufundisha kukataa ubaya na tamaa za kidunia." Neema ni mwalimu. Aibu haijawahi kumfundisha mtu utakatifu. Inamfundisha kujificha, na mtu anayejificha hawezi kutubu.

Katika jambo la ndoa, ambalo limelitenga Kanisa letu na baadhi ya makanisa ya ng'ambo, nashika fundisho ambalo Kanisa limelishika tangu mwanzo, la mume na mke, na silionei haya. Ila nikisikia mimbarini watu wakitajwa kama takataka huku waumini wanacheka na kupiga makofi, najua hapo hatuko tena katika Biblia. "Haimpasi mtumwa wa Bwana kuwa mgomvi, bali awe mwanana kwa watu wote," Paulo anamwambia Timotheo, na hakuandika "kwa watu wote isipokuwa." Tena mahubiri hayo ni rahisi mno. Karibu kila aliyekaa pale anajua kwamba siku hiyo hatajwi yeye. Ningependa kusikia makofi hayohayo Jumapili mchungaji atakapohubiri juu ya nyumba ndogo, juu ya viwanja vya wajane vilivyopata hati mpya, juu ya kitu kidogo tunachompa askari wa barabarani tukitoka kwenye mkesha.

Februari 16 ijayo ningependa katika ibada yetu barua ile isomwe yote, kwa Kiswahili, polepole, vijana wakiwepo. Kisha, kabla hajasimama mtu yeyote kuwakemea watawala wa leo, wazee wa kanisa wasome hesabu za ujenzi, shilingi kwa shilingi, mbele ya akina mama waliozitoa.