Mwacheni shangazi anywe uji wake

Shangazi yangu alipomaliza matibabu ya saratani ya titi, jirani alimkataza uji wa lishe. Una soya, alisema, na soya ina homoni za kike, itamrudishia ugonjwa. Wiki hiyohiyo akaja mtu na kopo la vidonge vya soya, eti vinaua saratani. Mmoja anamtisha, mwingine anamkamua, na wote wanataja utafiti.

Inayoitwa homoni ni isoflavoni, hasa jenistaini, kemikali ya mmea yenye umbo linalokaribiana na estrojeni, homoni ya kike. Hunasa kwenye vipokezi vya estrojeni mwilini, ila nguvu yake ni hafifu mno ikilinganishwa na estrojeni yenyewe. Mwaka 1987 watafiti wa Japani walionyesha kwamba jenistaini huzuia baadhi ya vimeng'enya vinavyoziamuru seli zikue. Tangu hapo maabara nyingi zimeikazia macho, na ni haki yake. Lakini seli zilizomo kwenye kisahani cha maabara hazina ini wala utumbo wa kuibadilisha kwanza kemikali hiyo. Shangazi anavyo.

Mjini Shanghai wanawake 5,042 waliotibiwa saratani ya matiti walifuatiliwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2009. Waliokula soya kwa wingi ndio ambao ugonjwa uliwarudia kwa nadra zaidi, na vifo vilikuwa vichache kwao. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba soya ndiyo iliyowakinga, lakini ile hofu ya jirani unaitikisa kwelikweli. Na wale walikula tofu na maziwa ya soya, chakula chao cha kila siku.

Huko Marekani wanaume 177 waliotolewa tezi dume yenye saratani waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilikunywa gramu 20 za protini ya soya kila siku, lengo likiwa miaka miwili. Matokeo yalitoka mwaka 2013: saratani iliwarudia takriban 27 katika kila mia upande wa soya, na 30 upande wa pili. Tofauti hiyo haina uzito, na jaribio lilikatishwa mapema kwa kuwa soya haikuonyesha faida. Muuza vidonge hilo hakulitaja.

Tulimuuliza daktari wake. Uji anywe, vidonge aache. Kopo nililirudisha mwenyewe, na jioni ile shangazi aliomba kikombe cha pili.