Mbunifu Naye Hujizuia

Nimechoka kusikia watoto wakigawanywa: huyu wa hesabu, yule wa sanaa, kana kwamba kila mmoja kazaliwa na ubongo wa aina yake. Anayeamini hivyo akaketi kidogo kwenye baraza ya Zanzibar panapochezwa bao.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kwenye namua, yaani hatua ya kwanza, kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, anazitia mojamoja. Kabla ya kutia, macho yanatembea: nikila hapa, za kula nizianzishe kichwa kipi cha safu, zitaishia wapi, na huyu atanijibu nini? Karatasi hakuna, yote yamo kichwani. Kete ya mwisho ikimfikisha kwenye nyumba yake, lile shimo lake kuu, ana hiari: alale hapo, yaani asimame, au aende safari, azikombe kete zake na kuendelea kuzitawanya. Mchezaji mchanga husafiri kwa kuwa tu inawezekana. Kete za mkononi zikiisha, mtaji, yaani hatua ya pili, unaingia, na mbinu za mwanzo hazimfai tena.

Kushika mambo kichwani, kujizuia, kubadili njia: wanasaikolojia huzitaja hizo kuwa nguzo za usimamizi wa ubongo, na zinategemea sana sehemu iliyo nyuma ya paji la uso. Kwamba zinasaidia uchambuzi, hakuna anayebisha. Ninabishiwa kwenye ubunifu, maana watu wanadhani mbunifu ni aliyeachia breki.

Haya, fumbo la mwanasaikolojia Mjerumani Karl Duncker: una mshumaa, kiberiti na kiboksi chenye pini, uuweke mshumaa ukutani. Wengi huhangaika kuubandika kwa pini. Jibu ni kumwaga pini na kukigongomea kiboksi ukutani kiwe kibao cha kuusimamishia. Mawazo hayakosekani, tatizo ni lile la kwanza, kwamba kiboksi ni cha pini, halitaki kuondoka. Kiboksi kikitolewa kitupu, wengi zaidi hufumbua.

Kweli, mwaka 2008 watafiti Charles Limb na Allen Braun waliwapima ubongo wapiga piano wa jazi wakibuni muziki papo hapo, wakaona sehemu zake za mbele zinazohusika na kujikagua zimepunguza kazi. Lakini hao ni mafundi, vidole vyao vimeshafunzwa. Mwanafunzi wa juma la kwanza akijiachia hivyo, tutaziba masikio.

Kwa hiyo mwalimu anayemchagua kila mara wa kwanza kunyoosha mkono simwelewi. Angenyamaza sekunde kumi, kisha aulize nani kabadili jibu.