Kipaza sauti hakitibu wasiwasi

Novemba ikikaribia, shule nyingi za Moshi hufanya jambo lilelile. Kidato cha nne chote kinajazwa bwaloni, mgeni anashika kipaza sauti, anapiga kelele "msiogope mtihani!", makofi, soda, kisha ripoti inasema ushauri nasaha wa kikundi umefanyika. Umefanyika kwa nani, jamani?

Kikundi ni vijana 6 hadi 10 wa rika moja, viti kwa duara, saa moja hivi kila wiki, kwa wiki 8 au zaidi. Kabla ya hapo mshauri anaonana na kila mmoja faragha. Hatua hii hurukwa sana, na ndiyo inayomgundua anayewaza kujidhuru. Huyo haanzii kwenye duara. Anafikishwa kwa wataalamu, hospitali ya Mawenzi au KCMC, siku hiyohiyo.

Kazi yenyewe ni mazoezi, si mawaidha. Tuseme binti anatetemeka akiulizwa swali kwa Kiingereza. Anapanga ngazi: asome sentensi moja kwa mwenzake, kisha kwa watatu, kisha kwa duara zima, kisha ajibu darasani akiwa amekaa, mwisho asimame. Kila ngazi anaipa hofu yake alama, 0 hadi 10, na anabaki hapo mpaka ishuke, kisha anarudia. Akikatisha hofu ikiwa 8, anachojifunza ni kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa, na kesho itakuwa vigumu zaidi. Kwa hiyo mwalimu mpole wa "basi kaa, mwanangu" anaikuza hofu bila kujua. Mkali wa "simama, sema!" naye kamrusha ngazi ya juu kabisa bila kupita za chini. Kupumua polepole, kuvuta kwa hesabu ya 4 na kutoa kwa 6, kunasaidia, ila kusigeuzwe hirizi ya kukwepea zoezi.

Halafu mnamweka mwalimu wa nidhamu aongoze! Asubuhi fimbo, jioni "fungukeni, wanangu". Nani afunguke?

Kuhusu siri, msiahidi yote. Siku ya kwanza semeni wazi: yanabaki humu, isipokuwa uhai ukiwa hatarini au mtoto akifanyiwa ukatili.

Haya, nakubali: mwalimu mmoja wa malezi hawezi kubeba mamia ya wanafunzi. Basi aanze na kikundi kimoja, darasa likiwa tupu baada ya vipindi. Na tafadhali, saa hiyo msiwapangie zamu ya kufagia.