Monaco: msimlaumu dereva, tazameni barabara

Kila mbio za magari za langalanga (Formula 1) za Monaco zikifika, simu yangu hujaa sauti za ndugu zangu wa Kibokoni, Mombasa, kabla magari hayajamaliza mzunguko wa kwanza. Huku Northampton, Uingereza, ni saa nane mchana. Kwenu ni saa kumi, wengine ndiyo kwanza mnatoka msikitini, kahawa bado inamiminwa, na kesi imeshaanza kusikizwa: nani kamgonga nani, na aadhibiwe vipi. Ile ya 2024 mpaka leo haijafungwa. Nami nina neno, na naliandika kwa urefu kwa sababu sauti ya dakika moja hailitoshi.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Magari yanapanda mlima kuelekea kona ya Casino, Kevin Magnussen akaingiza pua upande wa kulia, baina ya Sergio Pérez na chuma cha pembeni. Pengo likafumba. Tairi likagusa tairi, Pérez akabamizwa ukutani, akamzoa na Nico Hülkenberg aliyekuwa hana hili wala lile. Bendera nyekundu, mbio zikasimamishwa. Mzunguko uo huo, kwenye kona ya Portier, Esteban Ocon akamparamia mwenzake wa timu ya Alpine, Pierre Gasly. Ocon akaadhibiwa, Magnussen hakuguswa. Mnasema si haki, na kwa hilo niko nanyi: ikiwa mmoja alistahili adhabu, mwingine alistahili walau kuulizwa.

Kazini kwangu mambo ni mengine. Jumatatu, wakati wa chai, Waingereza wa bohari letu hutoa simu wakasoma mwongozo wa waamuzi: anayepita kwa ndani, ekseli yake ya mbele iwe imefika usawa wa kioo cha pembeni cha mwenziwe pale katikati ya kona. Imefika? Haki yake. Haijafika? Kosa lake. Wakishindwa kuamua husema ni ajali ya mchezo, chai ikaisha, na mazungumzo yakaisha nayo. Hapana anayepandisha sauti. Kila mmoja alitazama peke yake sebuleni, kwa kifurushi anacholipia kila mwezi, na aliyetazama peke yake hana haja ya kumshinda mtu kwa hoja. Hili linanitia hamu ya nyumbani kuliko hata chakula. Kwetu televisheni moja ina watu ishirini, na mzee aliyekuja kwa ajili ya kahawa tu naye atatoa hukumu yake na itasikizwa.

Lakini huku nimepata jambo ambalo nyumbani nisingelipata: nimeyaona magari haya kwa macho, kando ya njia. Uwanja wa mbio wa Silverstone si mbali na kwangu. Julai 2022 nilikuwa jukwaani upande wa Abbey, kona ya kwanza. Taa za kuanzia zikazimika, Gasly akagusana na George Russell, Russell akamgonga Zhou Guanyu, na gari la Zhou likapinduka. Likateleza juu chini likitoa cheche, likavuka changarawe, likaruka matairi ya kinga na kukwama baina ya matairi na wavu. Kwenye skrini kubwa hawakurudia picha. Mzee wa Kiingereza aliyekaa ubavuni mwangu, ambaye tangu asubuhi hatukuwa tumesemezana, alinishika mkono wa shati na hakuuachia mpaka tulipotangaziwa kuwa dereva yu salama. Russell mwenyewe aliruka garini mwake akakimbia kumwangalia. Ile halo, kinga ya chuma iliyowekwa juu ya kichwa cha dereva tangu 2018, ambayo watu walilalamika kuwa inaharibu sura ya gari, ndiyo iliyomwokoa Zhou.

Sasa tazameni kilichofuata. Mbio zikaanzishwa upya, na mwishoni Pérez, Lewis Hamilton na Charles Leclerc wakawa wanapitana, mmoja akipitwa hapa anarudi pale, huku mbele yao Carlos Sainz akipata ushindi wake wa kwanza. Ajali ilitokea, na mbio zikawapo. Monaco 2024 ajali ilitokea, bendera nyekundu ikawapa nafasi ya kubadilisha matairi bila kupoteza sekunde, na kutoka hapo ukawa msafara nyuma ya Leclerc hadi mwisho. Kumi wa kwanza walimaliza kwa mpangilio uleule walioanza nao, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya langalanga. Sainz alipasuka tairi kwenye mzunguko wa kwanza, akarudishiwa nafasi yake ya tatu, akamaliza wa tatu! Nilimfurahia Leclerc, kijana wa mji ule aliyengoja miaka kushinda kwao. Mbio sikuziona.

Kwangu mimi ajali ya mwanzo na uchovu wa baadaye ni ugonjwa mmoja. Magnussen, Hülkenberg na Pérez wote walianzia mkiani. Aliye mkiani Monaco anajua kwamba gari la upana wa karibu mita mbili na urefu wa zaidi ya mita tano halina pa kumpitia mwenziwe katika njia ile ya kilomita 3.337. Nafasi yake ni pale tu magari yanaposongamana. Mnayajua haya kutoka Likoni: geti la feri likifunguliwa, tuktuk, matatu na lori huingiza pua kwa pamoja, maana anayejua kuwa akikosa atangoja hamwachii mwenziwe hata shibiri.

Mwaka 2025 wakajaribu dawa, kila dereva abadilishe matairi angalau mara mbili. Timu za Racing Bulls na Williams wakamtumia dereva mmoja kupunguza mwendo makusudi ili mwenziwe apate mwanya wa kuingia piti, pale pa kubadilishia matairi. Russell, amekwama nyuma ya Alex Albon wa Williams, alichoka akakata kona akampita akijua adhabu inakuja. Dereva wa kiwango kile kuona heri adhabu kuliko kufuata, hilo linatosha kuwaambia waandaaji kitu. Kanuni za 2026 zimepunguza upana wa gari hadi sentimita 190. Ni hatua, lakini kuta za Monaco ziko palepale.

Wapo watakaonitajia mbio za Baku, Azerbaijan. Nakubali. Baku ni mitaani na haichoshi, kwa sababu ina njia nyoofu ya zaidi ya kilomita mbili ambapo wa nyuma anaweza kujipanga na kupita.

Ami yangu hushangaa tunagombania nini. Yeye ni mtu wa Safari Rally, tangu zama ilipokuwa ikishuka hadi Mombasa na Shekhar Mehta akiishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo, 1979 hadi 1982. Huko kila gari huondoka peke yake, na adui ni vumbi, matope na saa. Hakuna kona ya kwanza ya kupigania. Langalanga haiwezi kuwa rali, lakini sisi tuliolelewa na Safari tumezoea barabara inayompa kila dereva nafasi ya kuonyesha alichonacho, na ndiyo maana Monaco inatuuma.

Kwa hiyo simuungi mkono yule ndugu aliyesema Afrika ikipewa mbio zipitishwe mitaani, tena kwetu Mombasa, zianzie Mama Ngina zije chini ya Pembe za Moi Avenue. Picha ingependeza, na ningelia kuiona. Lakini magari yakishatoka kona ya kwanza tungebaki kutazama foleni. Afrika Kusini wana Kyalami, ambako langalanga ilikimbiwa mara ya mwisho barani 1993, uwanja uliojengwa kwa mbio. Waanzie huko. Zikirudi Kyalami mimi sitazitazama kutoka Northampton. Nitakuwa Johannesburg, na anayetaka tuonane aanze kuweka akiba sasa.