Mchwa Wangu Wamekosa Hamu ya Kula

Mji wetu wa Tanga una msemo wake, kila mtu anaujua: waja leo, waondoka leo. Mgeni anashuka asubuhi, anafanya lake, jioni huyoo. Mchwa peke yao ndio hawajausikia. Waliingia kwangu Makorora kwa kupitia ufa wa sakafu, hodi hawakupiga, kodi ya miezi sita hawakuitanguliza, na mpaka leo wamo. Mwimo wa mlango wa uani wameumaliza. Kwa nje rangi ya buluu inameremeta, mgeni anausifia, lakini ukiusukuma kwa kidole, kidole kinazama mpaka kwenye pete.

Na wana uchaguzi, mabwana hawa. Cheti cha ndoa wamekila chote, wakabakiza muhuri. Mama watoto akanitazama, akauliza, "Sasa miye na wewe tunaishije hapa?" Yeye ana kigenge cha nazi na nyanya, na daftari lake la madeni analiweka juu ya kabati. Wakapanda hukohuko juu. Kurasa za watu anaowadai wamezitafuna hadi uzi. Kurasa za anaodaiwa yeye hazijaguswa, zinasomeka vizuri kabisa, hata nukta zimo. Mpaka sasa nashuku kuna mtu aliwatuma.

Nikaenda duka la dawa za kilimo. Kichupa kidogo, bei yake unanunua mwimo mpya na chenji ya samaki inabaki. Nikasoma maelezo: vaa glavu, vaa miwani, vaa barakoa, vaa buti, usile, usinywe, usivute sigara, mtoto asisogee. Nguo zote hizo ningekuwa nazo ningeajiriwa bandarini, nisingehangaika na mchwa. Nikakirudisha rafuni taratibu, muuzaji akanisonya.

Basi nikapeleka shida yangu kijiweni kwenye kahawa. Hilo ni jambo la kufanywa na mtu mwenye nafasi, maana mtu wa Tanga ukimtajia ugonjwa hakupi pole, anakupa dawa. Mzee mmoja akaanza na enzi zake. Ati zamani kulikuwa na dawa hasa, dieldrini, unamwaga kwenye msingi mara moja, unasahau mpaka mjukuu anaoa. Mwalimu mstaafu akamkata palepale: ndiyo maana mataifa yalikaa Stockholm mwaka 2001 yakatia saini mkataba, dieldrini, aldrini, klorodeni na heptaklori zikawekwa kwenye orodha ya kupigwa marufuku. Haziozi, akasema. Zinakaa kwenye udongo miaka na miaka, zinaingia kwa samaki, zinakuja kulala kwenye mafuta ya mwili wako wewe unayekula samaki. Mzee akajishika kitambi, akaagiza kahawa nyingine.

Zikafuata tiba za asili, na hapo kila mtu akawa daktari. Mvuvi wa Sahare akaniambia nipake sifa, yale mafuta ya papa. Ndiyo yanayopakwa majahazi, na ubao wa jahazi unakaa majini miaka. Kweli kabisa. Ila ndani ya jahazi halali mama mkwe wangu. Nilijaribu kwenye kipande cha dirisha tu, paka wa mtaa mzima wakahamia kwangu, wakakaa barazani wananitazama kwa heshima.

Mwingine akasema maganda ya korosho. Mafuta yake yanalinda mbao, hilo halina ubishi, na mchwa hawayapendi. Tatizo hata ngozi ya binadamu haiyapendi. Yana asidi inayobabua. Waliochoma korosho uani utotoni wakapasua kwa meno kabla haijaiva wanajua midomo yao ilivyokuwa kwa wiki nzima. Wa tatu akaleta tumbaku iliyorowekwa, mwalimu akatikisa kichwa: nikotini inapita kwenye ngozi, utaanguka wewe kabla ya mchwa. Wa nne mkonge. Na Tanga bila mkonge maongezi hayaishi. Lazima uambiwe kwanza kwamba Mjerumani Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, miche elfu moja iling'olewa, iliyofika ikiwa hai 62, na hiyo ndiyo iliyojaza mashamba yote haya. Haya, nimesikia. Katika jani zima nyuzi ni asilimia 4 hivi, kinachobaki ni makapi na maji ya kuwasha. Babu yangu alikata mkonge, alijikuna mpaka anastaafu. Nani aende akayachote?

Mjomba wa mama watoto alipokuja kutoka Korogwe akanibebea utupa, mfuko mzima wa majani. Ni dawa kali hiyo, ina rotenoni, inaua wadudu. Na inaua samaki, ndiyo kazi iliyoutia jina baya: watu wanaponda, wanatia mtoni, samaki wanaelea, na sheria inakataza. Kwetu ni bondeni, mvua ikinyesha maji ya uani yote yanakimbilia mtaroni, mtaro unakimbilia baharini. Yaani nimwage sumu ya samaki kwangu halafu Jumamosi niende nikabishane bei ya changu? Nikamshukuru mjomba, nikampa nauli. Mfuko upo juu ya paa la banda, mpaka leo hajaujua ukweli.

Ukabaki mwarobaini. Wa bure. Na miye neno bure likitajwa nakuwa wa kwanza kwenye foleni. Hapa Tanga kila uwanja una mwarobaini. Wa kwetu uko nyuma ya msikiti, kivuli chake ndicho wanachochezea bao. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, majani ni dawa, lakini nguvu iko kwenye kokwa." Na mwalimu akathibitisha: kiini cha kokwa ndicho chenye azadirakitini, ile dawa yenyewe, nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mti. Sikubishana. Mama mkwe na mwalimu wakikubaliana, mwanamume mwenye akili anakwenda kuokota.

Sasa ngoja niwaelezee hiyo bure ilivyo.

Kokwa zinaokotwa chini ya mti. Popo wanakula nyama ya tunda usiku, wanazidondosha zimeshasafishwa nusu, Mungu awape kheri. Nikawatuma watoto. Watoto wa zamani ungewatuma mpaka Pongwe kwa miguu, wakirudi wanakusalimia. Hawa wakauliza, "Tunapata nini?" Ubuyu. Si ubuyu wa kawaida, ule mwekundu wa rangi, wa pakiti. Kila kopo la kokwa, pakiti moja. Yule mdogo akawa anaokota, mkubwa anahesabu na kuchukua kamisheni.

Zikaoshwa. Zikaanikwa kivulini, si juani, maana jua linaila dawa. Nikazianika ukumbini, ndipo penye kivuli cha uhakika, mpaka ikawa mtu akitaka kuwasha televisheni anaomba njia. Zilipokauka zikamenywa, vikatoka viini, vikatwangwa. Kwenye kinu. Kinu kipi? Kinu cha nyumba, kipo kimoja. Mama mkwe akasema kinu kinaoshwa. Sawa, kikaoshwa. Ijumaa tukapika kisamvu, kwa nazi ya kukuna, mgeni yupo. Mgeni alikula tonge la kwanza, akanyamaza, akauliza kama humu ndani kuna mtu anayetutakia mabaya. Uchungu wa mwarobaini hauoshwi, jamani. Anayetaka kutwanga hiki kitu atafute kinu chake, akipe na jina, kikae mbali na chakula.

Nusu kilo ya unga wa viini kwa lita 10 za maji, unaloweka usiku kucha. Harufu ya vitunguu saumu vilivyosahaulika. Asubuhi unachuja. Unachuja kwa nini? Kwa kitambaa. Mama watoto alikuwa amelala. Nikachukua khanga iliyokuwa karibu. Basi ilikuwa pea ya harusi ya dada yake, ile ambayo haifuliwi hata ikichafuka, na jina lake lilikuwa jema zaidi kuliko hali yangu. Gharama ya khanga hiyo bado tunaizungumza kwa awamu. Baada ya kuchuja unatia sabuni kidogo, ili dawa ishike kwenye mbao isiteleze. Sabuni nayo inauzwa. Unapiga jioni, maana azadirakitini ikikaa juani inaharibika ndani ya siku chache, na mvua ikinyesha imekwenda. Mahali palipo wazi unarudia, na kurudia, na kurudia. Yale mapito yao ya udongo ukutani unayavunja kwanza, unamimina humohumo ndani na kwenye udongo wa chini ya mwimo, kwa sababu hawa hawatembei juani, wanajijengea barabara zenye paa. Sisi barabara ya kwetu kila mvua inakatika.

Nikapiga. Nikakaa kwenye kigoda, kahawa mkononi, kusubiri maiti.

Hakuna maiti. Siku zikapita, nikamfuata mwalimu. Akavua miwani, ishara kwamba jibu ni refu. Mwarobaini, akasema, hauui papo hapo. Kwanza unamharibia mdudu hamu ya kula. Pili unavuruga homoni zake, yule mdogo anayetaka kukua anashindwa kujivua gamba. Nikamwambia mwalimu, kujivua gamba nchi hii tumekusikia hata kwenye siasa, na tuliona kulivyokwenda. Miye nataka wafe! Wewe unaniambia wamekosa hamu ya kula? Sasa nikawapeleke hospitali? Nimetumia khanga, ubuyu na kisamvu kuwapunguza mchwa uzito?

Hakucheka. Akaniambia hata nikiua wote wa ukutani sijafanya kitu. Mchwa kibarua ni kipofu, anaonja mbao na kuwapa wenzake kwa mdomo. Selulosi ndiyo wanayoifuata, nayo imo kwenye mbao, kwenye karatasi na kwenye pamba, ndiyo maana cheti na daftari vilikwenda pamoja. Wengine wana vijidudu tumboni vya kuwasagia; wale wa vichuguu wanalima kuvu chini kwa chini. Wana mashamba! Miye sina hata heka moja Muheza, wao wana shamba chini ya choo changu. Na malkia wao anataga maelfu kwa siku, anaishi miaka mingi. Kwa hiyo mwarobaini, akamaliza, ni wa kuwafukuza na kuwazuia wasile; kuimaliza koloni yenyewe ni habari nyingine, mpaka umpate mama yao.

Kumbe kumbikumbi ndio mchwa walewale. Masika ilipopiga, kumbikumbi wakatoka kwenye ufa uleule, watoto wakatega beseni la maji chini ya taa, mama watoto akakaanga na chumvi. Watamu, siwezi kusema uongo. Wao wamekula mlango wangu, miye nimekula watoto wao, na ukipiga hesabu vizuri bado nawadai.

Nikampata fundi, akaniwekea mwimo wa mtiki. Nilitaka mvule, bei ikanirudisha nyuma. Nilitaka boriti za mikoko za wazee wetu, nikaambiwa kukata mikoko ni kwa kibali. Mtiki basi. Nikaupaka mwarobaini kabla haujasimama, nikamimina na shimoni, na kila nikipata kokwa narudia. Na kweli hawajaugusa. Wanakuja, wanaonja, wanageuza. Nimekaa na tochi nikawaona kwa macho yangu wakigeuza.

Lakini aliyekosa hamu ya kula kwa baba huyu anakwenda kula kwa baba yule. Jirani yangu, tunagawana ukuta, juzi kaja asubuhi kabla sijapiga mswaki. Kashika kipande cha kabati lake, ungaunga unamwagika.

"Mchwa wako wako kwangu," akasema.

"Umewajuaje kuwa ni wangu?"

"Wametokea upande wako."

Nikamwambia upande wangu ni upande wake pia, ukuta ni mmoja. Akasema hapana, mchwa hao walikuwa kwangu miaka, watu wote wa mtaa ni mashahidi, mkewe aliwahi hata kunipa pole. Sasa nimewafukuza bila kumpa taarifa. Anataka fidia ya kabati. Akataka twende kwa mjumbe. Mama mkwe akatoka ndani na mswaki wa mti mdomoni, akamuuliza kama mjumbe ana jedwali la kodi za mchwa, maana kwetu walikaa miaka bila kulipa, na yeye akiwataka kama wapangaji halali atulipe kwanza malimbikizo.

Jirani akapoa. Akakaa kwenye kigoda changu, akauliza taratibu, kwani ile dawa mnatengenezaje. Nikamwambia dawa yenyewe ni ya bure, ya mti, zawadi ya Mungu, siwezi kumuuzia jirani. Ila kuna ubuyu wa watoto, sabuni, kinu kipya, na khanga pea moja. Nikamtajia jumla.

Akasema atanipa nusu leo. Nikamwambia mama watoto alete daftari.