Injini ya Gnome: Je, Ilistahili Lawama Ilizobebeshwa?

Wasomaji wengi wa historia ya ndege huifahamu injini ya kuzunguka kwanza kwa sifa yake mbaya: kwamba iliua wanafunzi wa urubani, ilikunywa mafuta bila kipimo, na ilitupwa mara tu Vita vya Kwanza vya Dunia vilipomalizika. Wapo pia wanaoitetea kwa kusema kwamba bila hiyo ndege za kivita zisingefika popote. Naona kila upande umeshika sehemu ya ukweli, lakini lawama iliyo kubwa kuliko zote imewekwa mahali pasipo pake.

Katika injini ya kawaida silinda hutulia na krenkishafti, yaani mhimili unaosukumwa na pistoni, huzunguka. Louis Seguin na mdogo wake Laurent, katika kiwanda chao cha Gnome kilichokuwa Gennevilliers, karibu na Paris, waliugeuza mpangilio huo: krenkishafti ilifungwa imara kwenye mwili wa ndege, na silinda saba zilizopangwa kama miale ya nyota zikazunguka pamoja na rafadha. Wengine walikuwa wamelijaribu wazo hilo kabla yao, lakini hapakuwa na aliyelitekeleza kwa ustadi kama wao, waliochonga silinda kutoka kwenye chuma kigumu hadi ukuta wake ukabaki na unene wa takriban milimita moja na nusu. Sababu ya kuhangaika hivyo ilikuwa joto. Ndege za miaka ile zilikwenda polepole mno kiasi kwamba upepo haukutosha kupoza silinda zilizotulia, na injini ya kupozwa kwa maji ilidai rejeta, mabomba na maji yenyewe, yaani uzito ambao mabawa ya mbao na kitambaa hayakuweza kuubeba. Silinda inayozunguka hujitafutia upepo wake, hata ndege ikiwa bado imesimama chini.

Matokeo yake yanaonekana katika hesabu nyepesi. Injini ya ndugu Wright ya mwaka 1903 ilikuwa na takriban kilo 80 na ilitoa nguvu za farasi 12. Gnome ya kwanza, miaka michache tu baadaye, ilikuwa na takriban kilo 75 na ilitoa 50. Agosti 1909, kwenye mashindano ya ndege ya Reims, Ufaransa, rubani Henri Farman alishinda tuzo ya masafa akiwa na injini hiyo, baada ya kuruka takriban kilomita 180. Kufikia vita vya 1914 wajenzi wa ndege wa Ufaransa na Uingereza walikuwa wakiitegemea yenyewe na jamaa zake, hasa Le Rhône na Clerget, na Wajerumani nao walikuwa wakiunda nakala zake katika kiwanda cha Oberursel. Ndege za Fokker zenye bawa moja, zilizowatia hofu marubani wa Ufaransa na Uingereza mwaka 1915 kwa bunduki zao zilizofyatua risasi kupitia katikati ya rafadha, ziliendeshwa na nakala hizo za ubunifu wa Kifaransa.

Sasa tuje kwenye shutuma. Inayorudiwa kuliko zote ni ile ya nguvu ya pia, kile kichezeo cha watoto kinachozunguka. Kitu kizito kinachozunguka kwa kasi hukataa kugeuzwa, na kikilazimishwa huelemea upande mwingine, kama kila mtoto aliyewahi kucheza pia anavyojua. Katika Sopwith Camel, ndege ya kivita ya Waingereza iliyoingia vitani mwaka 1917, kupinda kulia kulishusha pua ya ndege na kupinda kushoto kuliiinua. Wanafunzi wengi walikufa katika ndege hiyo, na injini ikabebeshwa vifo vyao vyote.

Hapa ndipo ninapotofautiana na simulizi hiyo. Sopwith Pup, iliyotoka katika kiwanda kilekile mwaka mmoja kabla, nayo ilikuwa na injini ya kuzunguka, Le Rhône ya nguvu za farasi 80, lakini marubani waliisifu kuwa ndege pole na tiifu. Kama kuzunguka peke yake kungekuwa muuaji, Pup nayo ingekuwa jeneza. Ni kweli kwamba Camel ilibeba injini nzito na yenye nguvu zaidi, lakini iliundwa pia kwa makusudi ili iwe nyepesi kugeuka: injini, bunduki, rubani na mafuta vyote vilibanwa katika takriban mita mbili za mbele, na tangi likiwa limejaa mkia ulielemewa. Zaidi ya hayo, injini ya Clerget iliyotumika katika Camel ilimtaka rubani apunguze petroli muda mfupi baada ya kupaa, na asipofanya hivyo ilikabwa na mafuta na kupoteza nguvu, naye mwanafunzi akajikuta karibu na ardhi, bila kasi, katika ndege isiyosamehe kosa. Vifo hivyo vilitokana na muundo mzima wa ndege na mafunzo ya haraka. Kuitupia nguvu ya pia vifo vyote ni kuwaondolea wajibu waliowapeleka vijana wale angani kabla hawajawa tayari.

Shutuma ya mafuta ina uzito zaidi kwangu. Injini hizi zilipitisha petroli na hewa ndani ya kasha la krenkishafti, kwa hiyo zilihitaji kilainishi kisichoyeyuka katika petroli, nacho kilikuwa mafuta ya mbarika, yanayotokana na mmea tunaouita pia mnyonyo. Hayakurudi kwenye tangi. Yalipita katika injini mara moja na kutupwa nje, mengine usoni mwa rubani, ambaye tumbo lake lililipa gharama hiyo. Wajerumani, waliozibiwa bahari na Waingereza, walikosa mafuta hayo na kutumia mbadala hafifu, na injini zao zikaharibika kwa joto.

Afrika Mashariki iliona udhaifu wa injini hii mapema. Februari 1915 Waingereza walileta katika kisiwa cha Niororo, karibu na Mafia, ndege mbili za Sopwith za kutua majini zenye injini za Gnome za nguvu za farasi 100, ili ziitafute manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji. Katika joto la pwani hazikufaa kitu, na Julai mwaka huohuo kazi ya kuelekeza mizinga dhidi ya manowari hiyo ilifanywa na ndege za Farman na Caudron. Hata hivyo hewa ya moto hupunguza nguvu ya injini yoyote, na maboya ya kuelea yalikuwa mzigo wa ziada, kwa hiyo nisingetumia kisa hicho kama ushahidi wa kutosha dhidi ya Gnome.

Kilichoishinda injini hii kwa hakika ni kanuni yake yenyewe. Silinda zinazopasua hewa hula sehemu ya nguvu zinazozalishwa nazo, na hasara hiyo hukua upesi sana kadiri kasi inavyoongezwa. Ndiyo maana nyingi hazikuvuka sana mizunguko 1,300 kwa dakika. Wakati huo injini ya Hispano-Suiza ya mhandisi Marc Birkigt, iliyopozwa kwa maji, ilianza na nguvu za farasi 150 katika ndege ya kivita ya Kifaransa SPAD VII ya mwaka 1916 na ikazidi kupanda. Kampuni ya Kijerumani ya Siemens-Halske ilijaribu kukwepa kikwazo hicho kwa kuzungusha silinda upande mmoja na krenkishafti upande wa pili, mizunguko 900 kila moja, na ndege yao ilipaa kwa kasi ya ajabu mwaka 1918, lakini ufundi wake ulikuwa mgumu. Naye mhandisi Mwingereza W. O. Bentley, kwa silinda za alumini, aliifikisha injini yake ya kuzunguka ya BR2 kwenye takriban nguvu za farasi 230 katika ndege ya Sopwith Snipe. Hakuna aliyepata njia ya kwenda mbali zaidi ya hapo.

Kufikia wakati huo ndege zilikuwa na kasi ya kutosha kuzipoza silinda zilizotulia, na sababu ya kuzizungusha ikawa imekwisha. Katika miaka ya mwanzo ya 1920 kampuni ya Gnome et Rhône ilinunua kutoka Uingereza kibali cha kuunda injini ya Bristol Jupiter: silinda tisa zilizopangwa kama nyota, zikipozwa kwa hewa, na zote zimetulia.