Fidia ya ardhi: uhakiki uwe na mwisho

Mama mkubwa alipigwa picha mbele ya nyumba yake inayotakiwa kupisha mradi, pembezoni mwa jiji la Mwanza, akiwa ameshika karatasi yenye namba iliyoandikwa kwa maka peni. Alijaza fomu ya uthamini, akasaini, akaambiwa asiendeleze chochote. Bati lilipotoboka juu ya chumba cha wajukuu, alilifunika kwa turubai na mawe. Aliogopa fundi asije akaonekana juu ya paa.

Naandika nikiwa upande wake. Hata hivyo, wathamini, yaani wanaokadiria thamani ya mali, wanasema lazima wahakiki kabla ya malipo, na hoja yao ina uzito. Huku Kanda ya Ziwa neno "tegesha" tunalijua: tetesi za mradi zikisikika tu, vibanda visivyo na watu vinaota na miche inabanana shambani kama mchicha, ili wenyewe walipwe fidia. Jedwali la fidia, yaani orodha ya watakaolipwa na viwango vyao, likipitishwa bila kukaguliwa, aliyetegesha analipwa pamoja na mwenye shamba la kweli, tena kwa fedha za umma. Ndiyo maana lazima Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe kwanza, na hatua hiyo sitaki iguswe.

Shida huanza baada ya idhini. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6, la sivyo riba ianze kuhesabiwa, na uthamini wenyewe una uhai wa miaka 2 tu. Hapo uhakiki umeshakwisha; kinachosubiriwa ni fedha. Wapo wanaosema riba inatosha kumfuta machozi mwananchi. Sikubaliani nao, kwa sababu riba hiyo inatoka kwenye mfuko uleule wa umma, na bei ya kiwanja atakachohamia haimsubiri.

Kibaya zaidi, kuchelewa kunazaa uhakiki mwingine. Mwenye nyumba anafariki, watoto wanakwenda mahakama ya mwanzo kufungua mirathi, na wasipoelewana juu ya msimamizi faili linalala. Akaunti ya benki nayo imefungwa kwa kukaa bila kutumika. Mwenyekiti wa mtaa aliyeshuhudia mipaka hayupo tena madarakani. Jedwali lililokuwa safi siku ya kusainiwa linajaa viraka, kisha viraka hivyo ndivyo vinavyotolewa kama sababu ya kuchelewa.

Ningependa uthamini usianze kabla fedha haijatengwa. Najua mradi kama reli ya kisasa (SGR) kutoka Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, hauwezi kungoja fungu lote likamilike. Basi kithaminiwe kipande ambacho fedha yake ipo, vingine vifuate. Na wenye mgogoro watengwe, wasio na mgogoro walipwe. Maofisa huhofia kwamba waliobaki watapiga kelele wakiona jirani amelipwa, na kweli watapiga. Lakini ndugu wawili wanaogombea mwembe wa mpakani wasiwe sababu ya mtaa mzima kulala na mabati yanayovuja.

Jingine halihitaji hata bajeti: orodha ibandikwe ofisi ya mtaa ikiwa na tarehe ya idhini, ili kila mtu aihesabu mwenyewe ile miezi 6. Mama mkubwa ameuliza tarehe hiyo mara tatu. Kila mara anaambiwa arudi wiki ijayo.